Uchachu Hauna Harufu: Manukato ya Kokteli kwa Joto la Mombasa

Mtu akinusa gilasi ya mojito, kokteli ya ramu, ndimu, nanaa, sukari na barafu, akasema inanukia uchachu, baridi na utamu, pua imemdanganya. Uchachu wa ndimu unatokana na asidi ya sitriki, na asidi hiyo haina harufu. Sukari haina harufu. Barafu haina. Kwinini inayoitia toniki uchungu haina pia. Vinavyopanda puani kutoka kwenye gilasi nzima ni mafuta ya ganda la ndimu, mafuta ya majani ya nanaa, spiriti na vijiharufu vichache vya ramu. Yaliyobaki ni kazi ya ulimi. Ndiyo maana manukato mengi yenye jina la kokteli huishia kunukia sabuni ya vyombo: mtengenezaji ametia ndimu, ametia nanaa, akadhani kamaliza, kumbe nusu ya kinywaji haimo puani na ilibidi aibuni kwa vitu vingine kabisa.

Hiyo nusu isiyonuka ndiyo tunayoishughulikia hapa, na tunaishughulikia kwa hali ya hewa ya Mombasa, ambako joto na unyevu huumbua kila kosa kabla hujafika kituo cha matatu.

Udugu wa manukato na vinywaji si jambo la jana. Nyumba ya Farina, mjini Cologne, Ujerumani, inahesabu umri wake tangu 1709, na kwa muda mrefu maji ya Cologne yaliuzwa kama dawa ya kumeza na vilevile ya kujipaka. Agizo la Napoleon la 1810 lililotaka mapishi ya dawa za siri yawekwe wazi ndilo lililowasukuma watengenezaji kuyaita manukato tu, siri ikabaki kwao. Siku hizi mambo yamegeuka, manukato ndiyo yanayoiga kinywaji. Nyumba ya manukato ya Creed ilitoa Virgin Island Water 2007, ndimu na nazi na ramu nyeupe. Guerlain Homme ya 2008 ilijengwa juu ya mojito. 2011 ikaleta Batucada ya L'Artisan Parfumeur, inayoiga kokteli ya caipirinha ya Brazili, na Juniper Sling ya Penhaligon's, inayoiga pombe ya jini ya London. Anayetaka kujifunza aanze na ile ya Guerlain: mojito iko juu tu, dakika za mwanzo, na chini yake kumesimama vetiva, yaani mizizi ya nyasi yenye harufu, na mwerezi. Kinywaji ni mlango, nyumba yenyewe imejengwa kwa mbao.

Kwetu hata hatuhitaji mojito. Ramu hutengenezwa kwa miwa, na pembeni mwa barabara za Mombasa miwa inasagwa pamoja na ndimu na tangawizi kila siku. Toa ramu kwenye mojito, tia tangawizi, umepata juisi ya miwa. Asiyetaka jina la pombe kwenye chupa yake na aiite hivyo, fomula haibadiliki sana.

Ndimu gani?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na athari yake si ya pua tu, ni ya ngozi pia. Mafuta ya ndimu ni ya namna mbili. Yako yaliyokamuliwa kwenye ganda bila moto, yenye harufu ya ganda bichi lililokwaruzwa, kali na ya kijani. Na yako yaliyokenekwa kwa mvuke, yenye harufu tamu zaidi, ya peremende na ya kola. Kwa pua, ya kukamua ni mazuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini yana kemikali ziitwazo furokumarini, zikiwemo bergapteni na wenzake, ambazo zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua huiunguza: wekundu, malengelenge, kisha alama nyeusi zinazoweza kukaa miezi. Wanaokamua ndimu za kokteli kwenye baa za ufukweni wanayajua madoa haya mikononi.

IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, limeweka kikomo cha asilimia 0.7 ya mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa katika bidhaa inayobaki kwenye ngozi iliyo wazi kwa jua. Bergamoti ya kukamua, tunda la jamii ya ndimu, ni asilimia 0.4, limau asilimia 2, balungi asilimia 4. Ndimu ya mvuke haina tatizo hilo, na bergamoti inapatikana ikiwa imeondolewa bergapteni, chupani utaona herufi FCF. Kwa mji wenye jua kama letu, hizo mbili ndizo za kununua. Ule ubichi wa ganda unaokosekana kwenye ndimu ya mvuke unaweza kuurudisha kwa balungi kidogo.

Wazo la kuloweka maganda ya ndimu kwenye spiriti nyumbani linapendwa sana, nalo linaleta rangi kuliko harufu. Ukitaka kujaribu, kwaruza ganda la kijani peke yake bila ule weupe, loweka saa 24 hadi 48 kwenye spiriti ya asilimia 95, chuja. Utapata kitu chepesi cha kusindikiza, hakiwezi kubeba chupa. Na kumbuka ni ganda bichi, kwa hiyo furokumarini zimo.

Dukani pia kuna mtego. Kwenye maduka ya atari ya Mji wa Kale mafuta huuzwa kwa tola, yaani karibu gramu 11.7, na chupa iliyoandikwa ndimu inaweza kuwa mchanganyiko uliozimuliwa kwa mafuta ya kubebea. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha hadi kesho yake. Ndimu ya mvuke iliyo safi hupotea bila kuacha doa la maana. Likibaki duara la mafuta, umeuziwa kitu kingine. Si lazima kiwe kibaya, ila hesabu zako zote zitakuwa za uongo.

Nanaa, na kwa nini inageuka dawa ya meno

Nanaa inayotiwa kwenye mojito, kama ile ya chai, ina karvoni. Pepaminti ina mentholi. Dawa ya meno hutumia mojawapo au zote mbili, na pua za watu wote zimeshafunzwa: ikizidi kidogo tu, mtu hafikirii kinywaji, anafikiria mswaki. Dawa yake ni kipimo. Kwenye gramu 10 za kiini, yaani mchanganyiko wa harufu kabla ya kuzimuliwa kwa spiriti, gramu 0.25 za nanaa zinatosha. Ikifika gramu 0.6 umeshaingia bafuni. Pepaminti tusiitie kabisa kama mafuta, ila tone la mmumunyo wa asilimia 1 linaweza kuleta ubaridi, maana mentholi huamsha neva ileile inayohisi baridi. Hiyo ndiyo barafu pekee ya kweli ambayo mtengenezaji wa manukato anayo.

Barafu ya uongo ni dihaidromirsenoli: harufu safi, ya chuma na ndimu, iliyojaa kwenye manukato ya kiume tangu miaka ya 1980. Inafanya kazi vizuri lakini imo pia kwenye sabuni za kufulia, kwa hiyo isipite asilimia 3 hadi 4 ya kiini. Mapovu nayo huigwa kwa aldehaidi, hasa C-10 na C-12, kwa vipimo vya kutisha kwa udogo: mmumunyo wa asilimia 1, matone mawili. Zikizidi hunukia nta ya mshumaa uliozimwa. Tangawizi hufanya kazi hiyohiyo ya kuwasha pua bila hatari hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa huku, hasa iliyotolewa kwa kaboni dayoksaidi, ambayo ina ukali wa tangawizi mbichi. Ile ya mvuke ni laini, hukaribia limau.

Fomula ya juisi ya miwa

Hii ni gramu 10 za kiini. Pima kwa mizani ya gramu 0.01, si kwa matone, kwani tone la vetiva nzito na tone la ndimu nyepesi hayana uzito mmoja.

Ndimu ya mvuke 2.00
Bergamoti FCF 1.50
Balungi 0.50
Nanaa 0.25
Tangawizi 0.20
Cis-3-heksenoli, mmumunyo wa asilimia 10, 0.10
Dihaidromirsenoli 0.30
Hedione 2.30
Ethili maltoli, mmumunyo wa asilimia 10, 0.20
Iso E Super 1.20
Vetiva 0.40
Ethilini brasileti 0.90
Ambroxan, mmumunyo wa asilimia 10, 0.15

Cis-3-heksenoli ni harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, na ndiyo inayofanya utamu uwe wa muwa badala ya wa pipi. Ethili maltoli ni sukari ya kubuni, inanukia karameli, na mkono ukiteleza hapo chupa nzima inakwenda kwenye peremende za pamba. Gramu 0.02 halisi, kama ilivyo hapo juu, inatosha kudokeza. Kwenye hewa kavu ungeweza kuongeza maradufu. Kwenye unyevu wa mwezi Machi, utamu hukaa mwilini kama soda iliyomwagika.

Hedione ndiyo mtu wa kati asiyeonekana. Ni harufu nyepesi ya asmini yenye hewa ndani yake, iliyopata umaarufu kupitia Eau Sauvage ya Dior, 1966, kazi ya Edmond Roudnitska. Kazi yake hapa ni kuipokea ndimu inapoondoka. Bila hiyo kuna shimo: dakika 15 za ndimu, kisha kimya, kisha mbao. Ethilini brasileti ni miski safi ya kushikilia, Iso E Super ni harufu ya mbao ya kubuni, Ambroxan ni ya ambari, na vetiva inaleta mizizi na uchungu kidogo, ambao pua huusoma kama uchachu. Huo uchachu wa kubuni ndio kiini cha mchezo mzima: ndimu peke yake haisomeki kuwa kali, inahitaji kitu kichungu karibu yake. Balungi na vetiva hufanya hivyo. Mafuta ya majani ya mdanzi hufanya hivyo pia, ukiyapata weka gramu 0.3 na upunguze bergamoti kiasi hicho.

Anza na vizito: Iso E Super, brasileti, vetiva, Hedione. Fuwele za ethili maltoli na Ambroxan ziwe zimeshayeyushwa kwenye spiriti mapema. Ndimu na jamaa zake ziingie mwisho, maana kila dakika chombo kiko wazi zinapungua. Tumia kioo. Limonini, iliyojaa kwenye ndimu na balungi, huyeyusha plastiki ya polistirini, na kikombe cheupe cha chai ya kubeba kitatoboka mbele ya macho yako. Funga, acha siku 2 au 3, kisha ongeza gramu 57 za spiriti ya asilimia 96, karibu mililita 70. Utapata manukato ya takriban asilimia 15.

Turudi kwenye ile hesabu ya jua. Mtu akibadilisha ndimu ya mvuke kwa ya kukamua katika fomula hii, gramu 2 ndani ya gramu 67 ni karibu asilimia 3, zaidi ya mara nne ya kikomo. Pua itafurahi, shingo italipa.

Manukato ya ndimu hayahitaji kulala miezi. Wiki mbili gizani na mahali pa baridi zinatosha. Ukiona ukungu, yaweke kwenye friza usiku mmoja kisha uchuje yakiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Ukungu mwingi mara nyingi ni ishara ya maji. Wapo wanaotia maji asilimia 3 hadi 5 kulainisha makali ya spiriti, na kwenye manukato ya mbao au waridi si vibaya, lakini mafuta ya ndimu hayapendi maji. Kwa sababu hiyohiyo vodka ya dukani haifai: ina spiriti asilimia 40 tu, na mafuta yatageuka maziwa. Spiriti ya hospitali ni asilimia 70, na mara nyingi imetiwa vitu vya kuharibu ladha au harufu. Na spiriti isiyo na lebo, ya kuuziwa kwenye dumu, usiiguse: methanoli hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi, si kwa kunywa tu.

Dawa, na mkojo wa asali

Kokteli iliyo yetu kweli ni dawa: vodka, ndimu, asali, barafu, na kijiti cha kuipondea. Ni ndugu wa caipirinha, na watalii wengi huijua kutoka mgahawa wa Carnivore, Nairobi. Kwa manukato ni zawadi, maana vodka haina harufu zaidi ya spiriti, na spiriti tayari imo chupani. Kilichobaki ni asali.

Asali ni ngumu. Harufu yake huigwa kwa asidi ya fenilasetiki na ethili fenilasetati, na hizo zikizidi, au zikikutana na jasho, hunukia mkojo. Ni kosa la kipimo ambalo hata nyumba kubwa zimelifanya. Tumia mmumunyo wa asilimia 1, gramu 0.10 kwenye gramu 10 za kiini, ujaribu kwenye ngozi saa sita mchana, si kwenye karatasi ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Mwenye uwezo anunue absoluti, yaani dondoo nzito, ya nta ya nyuki, ni ghali lakini ina asali, tumbaku na majani makavu kwa pamoja na haifikii ukojo huo upesi. Kwenye fomula ya juu toa nanaa, toa cis-3-heksenoli, weka nta gramu 0.15, ongeza ndimu kidogo. Imekuwa dawa.

Jini na toniki niipite haraka, kwa sababu huku ina adui mmoja mkubwa: mreteni, ambao ndio uti wa mgongo wa jini, una pineni nyingi, na pineni ndiyo harufu ya dawa za kusafishia vyoo. Usipite gramu 0.8. Uzungushie giligilani gramu 0.4 na iliki gramu 0.2, zote mbili hutumika kwenye jini halisi na zote mbili ni za jikoni kwetu, na pua ya Mombasa itasema viungo badala ya choo. Uchungu wa toniki utoke kwa balungi.

Madafu yanahitaji onyo moja tu. Gama-nonalaktoni, inayouzwa kama harufu ya nazi, inanukia nazi iliyokunwa na biskuti, wala si dafu lililokatwa sasa hivi. Gramu 0.05 pamoja na ile harufu ya majani mabichi inakaribia. Zaidi ya hapo ni kashata.

Bila spiriti

Wengi huku hawataki spiriti mwilini, na kuhusu hukumu yake muulize shehe wako. Kwa upande wa kazi, tatizo ni hili: spiriti ikiruka hubeba ndimu kwenda nayo, ndiyo inayotoa ule mlipuko wa mwanzo. Kwenye mafuta mlipuko huo haupo. Ukichanganya fomula ya juu na mafuta ya nazi yasiyoganda utapata kitu kilicholala, chenye Hedione na mbao, ndimu ikinong'ona. Tumia kibebeo chepesi kama isopropili miristeti, kiini kiwe asilimia 25 hadi 30 badala ya 15, tangawizi iongezwe hadi gramu 0.35, nanaa ibaki palepale. Lakini kiini kikiongezwa, vikomo vya jua navyo vipigwe hesabu upya, na kila kitu kijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo cha ngozi kwa saa 24. Ukweli ni kwamba roli ya mafuta haitakuwa mojito kamwe. Itakuwa nzuri kwa namna yake, karibu zaidi na kikuba kuliko na gilasi.

Kuvaa na kuweka

Ngozi yenye joto na jasho huimaliza ndimu kwa robo saa. Wakati wa kaskazi, pulizia nguo kuliko mwili, kwa umbali wa sentimita 20 hivi, na kwa kanzu nyeupe jaribu kwanza upindo wa ndani, kwani mafuta ya asili yana rangi. Fomula yenye vanila usiipulizie kwenye nguo nyeupe kabisa, vanilini hugeuka kahawia kadiri siku zinavyopita. Chupa ndogo ya mililita 10 mfukoni ina maana kuliko kujipulizia mara kumi asubuhi.

Chupa kubwa ikae kwenye friji. Limonini ikikutana na hewa na joto huoksidika, harufu inaelekea tapentaini, na hicho kilichozaliwa humo huleta mzio wa ngozi. BHT, kemikali ya kuzuia kuoksidika, asilimia 0.1 ya uzito wa mafuta ya jamii ya ndimu huichelewesha. Chupa iliyobaki robo ihamishie kwenye ndogo zaidi, ili hewa iwe kidogo. Iliyokwisha kunukia rangi ya kupaka mbao haina tiba.

Na kwa nyumba zenye udi: ndimu na udi vinapatana sana, moshi unaipa ndimu ule uchungu inaouhitaji. Nguo zifukizwe kwanza, zipoe, zitolewe chumbani, ndipo zipuliziwe. Chetezo chenye makaa kibaki mbali, maana kinachotoka kwenye spreyi hiyo ni spiriti asilimia 80 na kitu.